Waya Sigusi, na Kazi Siachi

Chumba cha juu, nyuma ya duka la rangi,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi ya huko? Sisi tu wazima. Babu anakohoa kidogo, ila kelele zake hazijapungua.

Barua yako nimeipata. Najua Mama ndiye aliyekusukuma uniambie niache ufundi umeme kabla haujaniua. Kwa heshima zote, Shangazi, siachi. Mama kakupa nusu ya habari. Chukua na nusu yangu.

Tulikuwa tunabadilisha nyaya kwenye bekari moja kuukuu. Msimamizi wetu, tunayemwita Mbiombio, alizima swichi kuu akaniamuru nipande ngazi nikate waya. Mimi nina kipima umeme cha kusogeza tu karibu na waya, bila kugusa. Kama umeme upo, kinawaka na kulia. Nilikijaribu kwenye soketi kabla hajazima, kikalia. Nikapanda, nikakisogeza kwenye waya. Kikalia tena.

“Betri hizo zimechoka!” akasema Mbiombio. “Nimezima kwa mkono wangu. Fundi wa kweli hugusa kwa mgongo wa kidole.”

“Basi panda wewe ukaguse.”

Hakupanda. Akanifokea mbele ya wenzangu, “Nenda kwenu ukapike!”

Sikwenda, Shangazi. Nilishuka nikaikumbatia ngazi, nikasema hapandi mtu hapa. Aliyeitwa badala yangu, mwanamume wa miraba minne, alinitazama, akatazama juu, kisha akaweka koleo lake chini.

Hapo ndipo mwenye bekari alipokumbuka: kulikuwa na waya wa zamani uliovutwa kutoka kwa kinyozi wa jirani. Kinyozi akazima kwake, nikapanda kupima tena, kipima kikanyamaza, nikashuka.

Unadhani Mbiombio alisema pole? Alisema, “Haya, panda.” Nikavuka barabara kwanza, nikakijaribu kipima kwenye soketi ya muuza viatu, nione kama bado kizima. Mbiombio anaguna, mimi natembea taratibu kama bibi harusi. Ndipo nikapanda, nikakata waya.

Mama bado amenuna. Ongea naye wewe, dada wa marehemu mumewe. Maneno yako hayakatai.

Wasalimie mapacha na baba yao. Mungu akushike mkono kwenye hizo barabara za barafu.

Nakupenda hata ukinikaripia,
Binti wa kaka yako,
Fundi Umeme.