Jiwe la Kuoshea Miguu

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji, na huyo malaika wako mchanga. Natumaini nyote mu wazima. Sisi huku hatujambo, ila mama magoti yanamsumbua, na kukubali kwamba yanamsumbua hataki.

Uliniuliza kama chemchemi bado ni ile ile. Ni ile ile, dada. Asubuhi ukungu hulala juu ya maji, na wanaokuja kuomba huonekana nusu nusu, kama watu waliosahau kuja na miguu. Hata mimi niliyekwenda na chupa za maabara nilijikuta nanong'ona. Mama, kwa cheo chake cha mlinzi wa pale, alinicheka, akauliza tangu lini maji matakatifu yakapimwa kama mkojo.

Majibu yalitoka mabaya. Maji yana vijidudu vya kinyesi, vya kumlaza mtu mzima kwa kuhara, sembuse mtoto. Nikarudi, nikashinda nimekaa pale natazama, kama niliye ndotoni, hadi nikaona. Maji yanatoka mwambani safi kabisa. Ila wageni, kwa heshima zao, huosha miguu kwenye lile jiwe bapa la juu, miguu iliyokanyaga kila kitu njiani, ndipo washuke kuchota. Uchafu wote unawatangulia. Loo, dada! Miaka yote hii tumekuwa tukinywa heshima za watu.

Nilipomweleza mama alinuna, akasema elimu imenipanda kichwani. Lakini juzi alfajiri nilimkuta analisukuma lile jiwe peke yake, jasho linamtoka. Tukasaidiana mpaka likafika chini ya mahali pa kuchotea. Sasa kila mgeni anaambiwa kwamba chemchemi yenyewe imeomba miguu ioshwe huko chini, na hakuna anayebisha. Mama yetu si unamjua?

Hapa kalamu inaniwia nzito. Tulipokaa kupumzika, mama aliniuliza, bila kunitazama, kama ni maji hayo yaliyomuua kitinda mimba wetu, yule aliyeharisha akatutoka kabla hajaota meno. Ni yeye aliyemnywesha, kijiko kwa kijiko, akiomba apone. Nikamjibu kwamba hapana, ulikuwa ugonjwa tu. Akashusha pumzi, akaniegemea begani, tukakaa tukisikiliza maji yanavyopita.

Nilimdanganya, dada. Mimi naamini ni maji. Nakwambia wewe kwa sababu unakuja na mtoto, na mama ameshamwekea kijiko. Jiwe limehama, lakini maji sijayapima tena, kwa hiyo mtoto asionje hata tone. Mama akikuuliza, sema daktari amekataza, basi. Ulie huko huko kwako, uje umeshafuta machozi.

Nisalimie shemeji, na umbusu mtoto kwa niaba ya mama yake mdogo anayemsubiri kwa hamu.

Ni mimi mdogo wako,
Kidoti