Ua Usio na Ua

Kwako Kaka,

Pokea salamu zangu nyingi, pamoja na za baba, ambaye sasa hivi ameketi kibarazani anakagua mpini wa jembe. Hujambo wewe, wifi na watoto? Natumaini yule mdogo kikohozi kimemwachia. Sisi huku miili haina neno. Sare za shule zimenijaa mpaka kitandani, cherehani haipoi, na mgongo unauma kama kawaida yetu mafundi.

Barua yako nimeipata. Umeuliza tena habari za ua wa nyuma, na safari hii umeuliza kwa ukali. Unasema kijiwanja cha hatua kumi na mbili kwa saba hakiwezi kumshinda mtu aliyetunza nyasi za uwanja wa mpira miaka thelathini na moja, tena akiwa na binti mwenye mikono yote miwili. Unasema nyasi zikishika ndipo utawaleta watoto, wapate pa kuchezea. Wakati huohuo wifi ametia pakiti tatu za mbegu za maua ndani ya bahasha hiyohiyo. Kaka, ninyi mnalala nyumba moja lakini kura zenu ni mbili.

Acha nikueleze mambo yanavyokwenda. Kila asubuhi, baada ya chai, baba huvaa kofia yake ya kazi na kutoka na vigingi vinne, kamba na futi yangu ya kupimia nguo, ambayo sasa ina matope mpaka sentimita ya mia. Akimaliza kupima huniita tuamue. Siku nyingine yeye ni wa nyasi: anasema nyasi zina adabu, ukizikata Jumatatu zinajua Jumatatu ijayo utarudi. Siku nyingine ni wa maua: anasema macho yamechoka na kijani, na marehemu mama alimwomba maua mpaka akanyamaza. Mimi humpinga upande wowote atakaoshika, maana unamjua, anapenda kupingwa. Kuna siku tulikubaliana nyasi katikati na maua nje ya mstari, kule ambako mpira ukitoka ni wa kurusha. Mwisho wa yote hunitazama kwa jicho la utundu na kuuliza: ua usio na ua ni ua gani? Nami hucheka, yeye hucheka zaidi yangu, kisha hupigilia vigingi.

Hapo ndipo nilipokuficha. Si kwamba hatujaamua, kaka. Tumeamua kila siku tangu mvua ziishe. Baba hakumbuki.

Mwanzoni nilidhani ni ukaidi tu. Asubuhi moja alivikuta vigingi vya jana yake, akataka kujua ni nani aliyekuja kupima kwenye ua wake. Nami, na mdomo huu usio na breki, nikamwambia ni yeye mwenyewe, na kwamba tulishakubaliana maua. Alivitazama vile vigingi, kimoja baada ya kingine. Akaketi juu ya ndoo, akaniuliza kwa sauti ya chini ni mambo gani mengine aliyoyasahau. Siku ile hakula, na kofia hakuivaa siku tatu. Nikampeleka hospitali. Daktari, mama mmoja mpole, akasema ni ugonjwa wa kusahau. Dawa zipo za kuupunguza mwendo, za kuurudisha nyuma hakuna. Baba alinikataza nisikuandikie. Nadhani katazo hilo nalo amelisahau, ila mimi nililishika.

Sasa nikiri langu. Kila alasiri, baba akijinyoosha baada ya chakula, mimi ndiye ninayetoka kwenda kuving'oa vigingi. Nafukia mashimo kwa kisigino, nafuta matope kwenye kamba, narudisha kila kitu stoo. Huo ua haujatushinda, naubomoa mwenyewe. Nafanya hivyo kwa sababu saa ile ya kupima na kubishana, baba ni baba mzima, na sitaki aamke siku moja akute kazi imekwisha.

Ningeendelea kunyamaza. Lakini leo asubuhi alipima kama kawaida, kisha akaja mlangoni pangu akavua kofia. Aliniita mama mwenye nyumba. Akaniuliza ningependa anipandie nini, nyasi au maua, kwani yeye ni fundi tu na lolote nitakalochagua atalifanya vizuri. Nikamjibu, maua, mzee wangu. Machozi yalinilenga, nikayazuia, nikihofia atadhani kazi yake haijanipendeza. Kisha akauliza ua usio na ua ni ua gani, nami nikacheka.

Ulisema utakuja nyasi zikishika. Usizisubiri. Walete watoto sasa, wacheze kwenye udongo hivyohivyo. Akikuuliza nyasi au maua, chagua upande ubishane naye kwelikweli, na ule mzaha ukifika, cheka kila siku kama vile ndiyo kwanza unausikia.

Wifi mwambie mbegu zake nimezihifadhi kwenye kopo la vifungo, ziko kavu. Watoto wabusu kwa niaba yangu. Baba anakusalimu sana. Leo amekutaja kwa jina, mara mbili.

Ni mimi mdogo wako,
Sindano