Sifuri ya Kiangazi

Mume wangu mdogo Baraka,

Marahaba, mjukuu wangu. Hapa Segerea sie wazima, ila babu yako ananuna nikikuita hivyo.

Unauliza kwa nini programu yako ya lugha ya C inatoa jibu sahihi kwenye kompyuta yako, kwa mwenzako takataka. Ujanani, ofisini Kawe, programu yetu ilichapisha kiasi cha mvua. Kwa alama ya %d tuliiahidi C namba kamili, kisha tukaipa yenye desimali. Ukivunja ahadi hiyo, C hutoa chochote. Kiangazi chote iliandika sifuri, tukaisifu. Masika yakaja, paa likavuja, tukalowa chapachapa, nayo bado sifuri! Tulicheka mpaka machozi, ndipo tukaweka %f, alama ya namba zenye desimali.

Ikikupa jibu sahihi, furahi, baba. Halafu isubirie mvua.

Bibi yako