Kikwapa cha Mkono wa Kulia

Jumamosi, 3 Mei

Nimekubaliwa! Kuanzia wiki ijayo mimi ni askari wa stoo katika jela ya zamani, ile iliyogeuzwa makumbusho. Kazi ya kujitolea, Jumamosi tu. Meneja ni binti mdogo, miwani yake haikai machoni, inakaa kichwani. Nimeshampa jina: Miwani. Anasema kila anayejitolea ajishonee mwenyewe nguo za zama zile, makumbusho hayana nguo za kugawa. Wenzangu wakaguna. Mimi nikacheka kimoyomoyo. Miaka arobaini nashona sare za shule, nishindwe na shati la askari jela?

Stoo nimeichagua kwa ajili ya baba. Alikuwa karani wa stoo humohumo, akigawa mablanketi na mabakuli. Alifariki nikiwa na miaka tisa. Sikumwambia Miwani. Sitaki kuonekana nimeingia kwa mgongo wa marehemu.

Jumatatu, 5 Mei

Nimefungua sanduku la mama. Shati la baba lipo, chini kabisa. Mgongoni limeliwa na nondo, halivaliki hata kwa dawa. Ila kwa kuchukulia vipimo linafaa. Nimelilaza juu ya gazeti, nikazungushia chaki, bila kufumua uzi hata mmoja.

Kitu cha ajabu. Kwapa la kulia lina kikwapa — kile kipande cha pembe nne cha kuongeza nafasi chini ya mkono. La kushoto halina! Na kikwapa chenyewe kimetiwa baadaye, kwa sindano ya mkono, uzi mweusi kwenye kitambaa cha kaki. Mshono wa mama, naujua hata nikifumbwa macho. Halafu upande huohuo wa kulia kuna ukanda mdogo wenye kifungo, wa kuzuia mkono wa shati ukishakunjwa. Kushoto hakuna. Nimekaa nikifikiri mpaka chai ikapoa. Nadhani baba alibeba magunia kwa bega la kulia. Magunia ya stoo si mchezo.

Nitashona vilevile lilivyo. Ukinakili nusunusu si kazi hiyo.

Alhamisi, 8 Mei

Limekwisha! Mama watoto amenizunguka mara tatu, akasema kumbe miaka yote hii ameolewa na askari jela, ndiyo maana kila akitaka kutoka anaulizwa anakwenda wapi. Tumecheka mpaka basi. Nikainua mkono wa kulia kuchukua kofia juu ya kabati — ulivyopanda! Unakwenda mpaka nyuma ya kichwa na shati halivutiki kiunoni. Wa kushoto unakwama njiani. Mama alikuwa fundi kuliko mimi, tukubali yaishe.

Fomu ya Miwani ina swali: mfano wa vazi lako umeutoa wapi? Nikaandika: nimebuni mwenyewe. Sijui nini kilinipata. Sifa tu. Nilitaka waseme fundi huyu ana kichwa.

Jumamosi, 10 Mei

Siku ya kwanza. Wageni wengi, picha nyingi. Nimeonyesha mabakuli ya bati, mablanketi, bunda la funguo. Mama mmoja kapima kola yangu kwa vidole, akauliza ni ya mashine kweli? Miguu inauma vibaya. Nimelala mchana kama mtoto.

Jumamosi, 17 Mei

Sijui nianzie wapi.

Saa nne asubuhi aliingia mzee mmoja pamoja na kundi la wageni. Fimbo, kofia, koti lililopigwa pasi vizuri. Hapungui miaka themanini. Nilikuwa natoa maelezo, nikanyoosha mkono wa kulia juu kuchukua funguo kwenye msumari. Mzee akasimama. Akavua kofia. Akaweka fimbo chini, polepole, akageuka, akaukabili ukuta. Mikono yote miwili juu, viganja ukutani.

Nikadhani anaigiza! Wageni wengi wanapenda kuigiza. Nami nikaingia mchezoni — Mungu anisamehe — nikatoa sauti ya kiaskari, nikamwambia simama wima, wewe. Watu wakacheka. Mmoja akatoa simu. Mzee akaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Tatu. Kwa utaratibu, kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika saba nikaona suruali yake imelowa mpaka viatuni.

Kicheko kikakatika. Nikamshika bega, nikamwambia mzee wangu, ni maigizo tu haya. Hakunisikia. Alihesabu mpaka kumi na mbili. Ndipo akashusha mikono, akageuka, akanitazama kifuani, si usoni.

"Ahsante, bwana," akasema.

Miwani akaja mbio, akamfunga kiunoni blanketi la maonyesho, kwani hakukuwa na jingine. Mwanawe akaja kumchukua kwa gari. Nilipiga deki stoo mwenyewe. Sikutaka mtu mwingine ashike lile dekio.

Jumapili, 18 Mei

Sijatoka. Mama watoto anauliza naumwa wapi. Nimesema kichwa.

Jumatatu, 19 Mei

Nimeitwa ofisini kwa Miwani. Safari hii miwani ilikuwa machoni.

Mzee aliwahi kufungwa pale miezi sita, ujanani. Makumbusho wamerekodi sauti yake kwa ajili ya chumba kipya. Anasimulia viboko: kila Ijumaa, kumi na viwili, ukutani, na ukimaliza unashukuru. Usiposhukuru unaanza upya. Sasa shida, anasema Miwani, vitabu vya jela vyote wamevisoma na hakuna kiboko hata kimoja kilichoandikwa. Hakuna mwingine aliye hai wa kumuunga mkono. Na mwanawe mwenyewe anasema baba anachanganya mambo siku hizi.

Halafu tangu Jumamosi Mzee kaongeza jipya. Anasema mpigaji alikuwa mmoja tu, na wafungwa walimwita Kwapa. Shati lake lilikuwa na kitambaa cha nyongeza chini ya mkono wa kulia, ili mkono uende nyuma vizuri. Alipokunja mkono wa shati na kuufunga kifungo, ua zima lilinyamaza.

Nikauliza, sauti yangu naisikia mbali, jina lake halisi nani? Miwani akasema Mzee halikumbuki. Anakumbuka shati.

Akavuta fomu yangu, akaweka kidole pale nilipoandika. "Shati umelibuni wewe mwenyewe, si ndiyo, Fundi?"

Nikasema ndiyo.

Akashusha pumzi. Basi ndiyo hivyo, akasema, Mzee kaliona shati lako, akili yake ikalibandika kwenye kumbukumbu. Maskini. Akaniomba nitoe kile kikwapa, shati lisije likamtisha mtu mwingine. Na ile sauti huenda wakaiacha, maana makumbusho hayawezi kuweka kitu kisicho na ushahidi.

Ushahidi! Uko sandukuni kwangu, chini ya mapazia ya mama.

Jumanne, 20 Mei

Nimekwenda kwa dada. Yeye ndiye mkubwa, baba alipofariki alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, anajua yote. Nilimkuta anachambua mchele. Sikuzunguka. Nikauliza kikwapa kile mama alikitia kwa nini.

Hakuinua uso. Mikono ndiyo ilisimama.

"Mama alichoka kushona," akasema. "Kila Ijumaa kwapa limechanika."

Nikamwambia baba alikuwa karani wa stoo. Akasema karani alikuwa, Jumatatu hadi Alhamisi. Ijumaa alikuwa na kazi nyingine. Akirudi, mama anamkanda bega kwa maji ya moto, na hakuna anayeuliza kitu. Nikakumbuka mwenyewe — Ijumaa baba alikuwa ananibeba kwa mkono wa kushoto tu. Nikililia wa kulia, nataka bega la kulia, naambiwa baba amechoka. Nilikuwa nampenda kuliko mtu yeyote duniani. Mpaka leo. Nifanye nini sasa na huo upendo, niupeleke wapi?

Nikamweleza habari za Mzee. Dada akalia kidogo, akafuta, akarudi kwenye mchele. Akaniambia, mdogo wangu, niletee shati nilichome na takataka. Tuna watoto, tuna wajukuu, wote wanabeba jina lile. Mzee mwenyewe ameshaambiwa amekosea, mwache apumzike. Ukisema, unamfufua baba ili azomewe.

Nilikunywa maji, nikaondoka. Njiani nilikuwa na hasira na kila mtu. Na baba. Na mama na uzi wake mweusi. Hata na Mzee, kwa nini hakufa kabla sijajifanya mjuzi wa kushona! Nimeandika hivyo na sifuti, ndivyo nilivyofikiri.

Alhamisi, 22 Mei

Nimefumua kikwapa kwenye shati jipya. Dakika kumi tu. Nikaziba, nikapiga pasi. Huwezi kujua kama kiliwahi kuwepo.

Nimemweleza mama watoto. Aliweka mwiko chini. Akauliza Mzee anaishi na nani. Nikasema na mwanawe, yule anayesema baba anachanganya. Akauliza tena, kwa hiyo humo ndani anaamkia nani asubuhi, mtu anayemwamini au mtu anayemhurumia? Nikasema sijui. Akachukua mwiko wake.

Ijumaa, 23 Mei

Miwani kapiga simu. Mzee anakuja kesho, ameomba kuniona. Nimelitoa shati la baba sandukuni, nimelikunja, nimelitia kwenye mfuko wa plastiki. Dada kanipigia mara nne. Sikupokea.

Jumamosi, 24 Mei

Niko chumba cha nyuma cha stoo. Naandikia juu ya ndoo iliyofudikizwa. Nimewaambia nafuata maji ya kunywa.

Mzee kaja kuniomba msamaha. Mimi! Kaja na koti lilelile, kakaa kwenye benchi, mwanawe kasimama nyuma yake, Miwani pembeni. Akasema nimekuchafulia kazi yako mbele za watu, mwanangu, nisamehe. Nilitaka ardhi ipasuke. Nikasema hakuna neno, mzee wangu. Mfuko wa plastiki ulikuwa miguuni pangu, naugusa kwa kiatu.

Akasema wamemweleza kwamba shati nililibuni mwenyewe kichwani. Lakini nyumbani wanamweleza mengi, anataka asikie kwangu, mimi fundi. Akangoja. Hakuwa na haraka. Macho yake ni meupe pembeni, ila yanaona.

Mwanawe alikuwa ananitikisia kichwa: sema. Miwani anatabasamu. Nikamfikiria dada na wajukuu. Nikamfikiria baba ameniweka bega la kushoto.

Nikasema, "Nililibuni mwenyewe."

Mzee akainamisha kichwa, akakaa hivyo. Kisha akasema polepole, kama anajisomea:

"Basi miaka yote hii nilikuwa namchukia mtu ambaye hakuwepo."

Akanishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili. Akanishukuru. Mikono yake ni mikavu, myepesi, haina uzito wowote. Akamgeukia Miwani, akaomba ile sauti yake ifutwe, yote, hataki kuwaachia watu uongo akishaondoka. Miwani akasema itabidi atie sahihi. Mwanawe akasema vizuri sana, baba, umefanya la maana. Mimi nikachukua mfuko wangu nikaja huku nyuma.

Mfuko uko mapajani. Nimelitoa. Kikwapa cha mama kipo, uzi mweusi, mshono mdogomdogo hata mmoja haujaachia. Kwa ndani kuna doa la jasho lililokauka. Jasho la baba. Nimenusa, halinuki kitu.

Mlango uko wazi nusu, nawaona. Miwani kaleta karatasi, kaiweka mapajani pa Mzee juu ya kitabu kigumu. Mzee kavaa miwani yake ya kusomea. Miwani anajipapasa mifukoni, anauliza nani ana kalamu. Mwana wa Mzee anapapasa koti, hana. Miwani kafungua droo ya meza ya stoo, hamna. Mzee anasema mwulizeni fundi.

Kalamu ya droo ni hii ninayoandikia.

Wananiita. Nasikia mwana wa Mzee anasema pengine hajasikia, ngoja nimfuate. Mzee anasema mwacheni, hatuna haraka, nimengoja miezi sita humu ndani, sitashindwa kungoja kalamu. Wamecheka. Na yeye kacheka.

Miwani ameita mara ya pili. Naendelea kuandika.