Nimemsainia Mama Violet

Ijumaa. Baridi ya Julai imeingia hadi kwenye mifupa na jua limegoma tangu Jumatatu. Nimevaa sweta mbili na bado natetemeka.

Leo nimesema uongo mbele ya kaunti mbili.

Nyuma ya ploti yetu ya nyumba za kupanga, huku mwisho kabisa wa Eastlands, kuna kiwanja cha umma kinachopitiwa na nyaya kubwa za stima. Mtaro umekikata katikati. Huku ni kaunti yetu, ng'ambo ni kaunti jirani. Kwa miaka sita nimelima upande huu mboga za kienyeji, mrenda na saga na kunde, na Mama Violet, aliyeishi ng'ambo, akalima ule mwingine. Tuliweka ubao juu ya mtaro tukawa tunavukiana. Yeye ni Mmaragoli, mimi Mnyore, basi mvua ikichelewa lawama ni zangu, eti watu wetu, mafundi wa kuita mvua, wameifungia kwenye chungu. Nami nilimwambia Wamaragoli wakipewa mbingu wataanza kugawana mashamba. Tangu mume wangu, Baba Edwin, afariki, huyo ndiye mtu niliyeongea naye bila kuangalia saa.

Februari goti lilimkataa, mwanawe akampeleka nyumbani Vihiga. "Mwezi mmoja tu, Mama Edwin," aliniambia. "Usiache magugu yaniaibishe."

Nimepalilia pande zote mbili tangu siku hiyo.

Kaunti zetu zilivutana sana juu ya hicho kiwanja. Sasa zimepatana na zinakipangia matumizi pamoja: soko, maegesho ya malori, mahali pa watoto kuchezea. Leo walituita kwenye ukumbi wa kanisa kutoa maoni. Kuhusu bustani wametoa sharti moja. Itakayobaki ni ile inayotumiwa na wakazi wa pande zote mbili. Ya upande mmoja itaondolewa, malori yaegeshwe hapo.

Mlangoni kulikuwa na orodha mbili za mahudhurio, kila kaunti na yake. Nikasaini yetu. Kisha nikasogea kwenye ile ya pili, nikaandika jina la Mama Violet kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, nikamwekea na sahihi.

Kusainiana tumezoea. Hata kwenye chama chetu cha akiba, mtu akichelewa mwenzake humwandikia jina na hakuna anayeuliza. Lakini wa chama huwa yuko njiani anakuja. Niliandika bila kusita hata kidogo, na hilo linaniogopesha kuliko uongo wenyewe.

Afisa wa kaunti jirani, binti mpole mwenye miwani, alipofikia suala la bustani akasoma jina hilo kwa sauti. "Mama, upande wetu wa bustani ni wewe tu. Simama tukuone."

Nikajikaza kisabuni nikasema, "Ametoka kidogo. Goti linamsumbua."

Mzee wa nyumba kumi, anayejua vizuri Mama Violet yuko wapi, aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake. Yule binti akachukua kalamu ya kijani akapaka bustani yetu kwenye ramani, huku na ng'ambo ya mtaro. Watu wakapiga makofi. Jumatatu watakuja kupima, na wakulima wote wawili tuwepo na vitambulisho.

Nilitoka mbio kumpigia simu. Nilikuwa na furaha kama mtoto, nakiri. Nilishaona jinsi atakavyopanda basi Jumapili.

"Weee Mama Edwin! Umenisainia?" Alicheka mpaka akakohoa. Nilikuwa sijasikia kicheko hicho kwa wiki nyingi. Kisha akashusha sauti. "Mama, mimi sirudi. Hapa nina shamba, nina wajukuu, goti linapata jua. Nilikuwa naogopa kukwambia. Huo upande wangu mpe mtu mwingine."

Nikamwambia ni sawa. Nikamwambia anisalimie watoto. Nikakata simu nikakaa kwenye ngazi ya ploti, watu wakawa wananipita na mitungi yao ya maji.

Mpe mtu mwingine. Nimelifikiria neno hilo jioni nzima. Miaka sita navuka ule ubao, na ng'ambo simjui mtu mwingine hata mmoja kwa jina. Wananisalimu, naitikia, napita. Nilikuwa na mmoja nikaona ananitosha.

Na niseme ukweli, maana humu daftarini sina wa kumdanganya. Sikusaini kwa ajili ya mrenda. Mrenda unauzwa sokoni. Nilisaini nikidhani bustani ikibaki, Mama Violet atakuwa na sababu ya kurudi.

Jumatatu nitamwambia yule binti alifute jina. Akitaka kuifuta pia ile rangi yake ya kijani, nitaelewa, kosa ni langu. Lakini nina kesho na Jumapili kabla ya hapo. Kesho asubuhi nitafunga kunde mafungu mawili, nivuke, nibishe hodi kwenye nyumba ya kwanza yenye geti la bluu. Nimepita mbele ya geti hilo mara ngapi, Mungu wangu?

Wakiuliza nani, nitasema ni jirani.