Moto wa Malisho ya Juu

Ibighi, Tukuyu
17 Novemba 2024

Kaka yangu mpendwa Ackson,

Ugonile, kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko kambini jeshini, na kwamba kikohozi ulichoondoka nacho baada ya mazishi ya baba kimekuachia. Mimi ni mzima wa mwili. Mama yuko Bulyaga kwa shangazi Atupakisye. Sababu utaisoma humu. Simu hamruhusiwi, nami sitaki uyasikie haya kwa mtu mwingine.

Uliniuliza msibani kama bado ninapanda mlimani kupima majani. Bado. Kila msimu mimi na watafiti wenzangu tunarudi kwenye vipande vilevile vya malisho ya juu kutazama kama kila mmea umeongezeka au umepungua, na kama unapanda na kushuka pamoja na wenzake. Zamani ilikuwa kupokezana. Nyasi nyembamba zikinywea kwa kukosa mvua, za majani mapana zilinawiri, ng'ombe wakapata cha kula. Mwaka huu zote zimeshuka pamoja.

Niliyasema hayo kwenye mkutano wa wafugaji mwezi wa tisa. Niliwaomba wapunguze mifugo, maana safari hii hakuna jani la akiba. Jirani yetu Geresoni alisimama akafoka kwamba nimetumwa kuwafukuza mlimani. Baba alikuwepo. Tulipokuwa tunarudi nyumbani ndipo aliponiambia, "Tusekile mwanangu, nyasi hazifi. Zinataka kuamshwa tu." Nilidhani ananifariji.

Yaliyofuata unayajua: moto, upepo ulivyogeuka, baba akateremshwa kwenye machela ya miti. Watu wakakumbuka maneno ya Geresoni mkutanini, wakasema ndiye aliyewasha ili aharibu vipande vyetu. Nami niliamini. Ulipoapa kaburini kwamba hutamsamehe, niliitikia amina.

Ulipokwisha kuondoka, polisi walimkamata Geresoni. Siku hiyo mama aliweka kisu chini, ndizi zikiwa hazijamenywa, akaniambia alichokisikia hospitali peke yake. Baba alimwambia kabla hajakata roho, "Moto ni wangu." Aliuwasha ili nyasi zichipue upya, ng'ombe wasiuzwe. Mama alinishika magoti, kaka. Aliniomba nimwache baba alale na jina lake; mzee wa kanisa asije akaitwa mchoma mlima.

Asubuhi nilikwenda kituoni nikasema. Mama alipoitwa alithibitisha, kisha akafunga nguo zake akaenda Bulyaga. Hajanisemesha tangu hapo.

Geresoni ametoka. Lakini alipokuwa ndani, mkewe alikuwa kitandani na homa, na hakuna jirani aliyekubali kuwakatia ng'ombe wao hata mgomba wa kula. Amekuta ng'ombe wawili tu wanasimama. Nilikwenda kumwomba radhi kwa niaba ya nyumba yetu. Aliniacha uani, akaendelea kuchimba shimo la kuwafukia waliokufa.

Juzi nilipanda tena. Mvua imeanza, na palipoungua limechipua gugu moja tu, lile ambalo ng'ombe hawaligusi.

Kaka, ukipewa likizo usirudi na kile kiapo. Pitia Bulyaga kwanza. Mimi mama hanifungulii mlango. Wewe labda atakufungulia, umwambie kwamba nami nilimpenda baba.

Shangazi anakusalimu sana. Mungu akulinde huko uliko.

Mdogo wako,
Tusekile