Nilikuwa Namtafuta Babu wa Mlangoni

Jumapili, 1 Mei 2022

Majibu bado. Tangu niteme mate kwenye kile kichupa cha kupima DNA na kukituma, kila simu ikiguna moyo unaruka.

Leo tumekula kwa Mamã kama kila Jumapili. Supu ya Roho Mtakatifu, ya kisiwani kwetu Ureno — mkate umelowa vizuri, mnanaa juu, nyama inaachana yenyewe. Padrinho Gualter alikuwepo. Baba yangu wa ubatizo, anakaribia tisini na bado hakai mezani bila tai. Nikambusu mkono, nikaomba baraka, akanibariki, kisha akanitania: mate yako yameshasema? Nikamwambia bado. "Basi yaache yanyamaze, binti. Ukifukua mifupa yote ya Wareno, utaizika wapi tena?" Tukacheka.

Dada Conceição hakucheka. Nilimnunulia kichupa chake Krismasi, hajakifungua mpaka leo. "Mate yangu nayahitaji kumezea chakula." Haya!

Wao wacheke. Mimi natafuta kwa ajili ya Papá. Baba yake aliokotwa kichanga mlangoni kwa padri, kule Ribeira Grande, amefungwa shali. Padri akampa jina lililokuwa karibu: dos Anjos, wa malaika. Ndilo jina letu mpaka leo. Papá alikuwa akisema, "Wenzetu wana ukoo, sisi tuna mlango." Alikufa akisema hivyo. Miaka minne nasoma vitabu vya ubatizo vya kisiwa kizima kwenye kompyuta — mwandiko wa mapadri, kuku kapita na wino miguuni — na sijampata aliyemweka yule mtoto pale. DNA itampata. Naamini.

Jumatano, 4 Mei

Yamekuja! Nimefungua nikiwa kazini, chooni kliniki, mlango nimeufunga komeo kama mwizi. Ureno tele, kama nilivyojua. Tone la Waberberi, tone la Wayahudi. Nikacheka peke yangu.

Halafu orodha ya jamaa.

Wa kwanza ni Conceição. Dada yangu! Kumbe alishapima, zamani, na hakusema. Chini ya jina lake: ndugu wa mzazi mmoja.

Wa pili ni Fernanda Botelho. Binti ya padrinho, yule anayeishi California. Chini yake: ndugu wa mzazi mmoja.

Nimewalinganisha wao kwa wao, Conceição na Fernanda. Hakuna kitu. Hata chembe.

Mashine imekosea.

Alhamisi, 5 Mei

Sikwenda kazini. Nilimwambia daktari naumwa jino. Kwenye kliniki ya meno! Akasema njoo basi nikutazame. Nikakata simu.

Robo ya damu nagawana na Conceição. Robo na Fernanda. Hii ni hesabu ya mtoto mdogo. Nimeifanya mara nyingi leo na jibu halibadiliki.

Ijumaa, 6 Mei

Nimetoka kwa Conceição. Mwandiko wangu leo ni wa mapadri.

Alikuwa anakunja nguo za wajukuu. Nikamwekea simu juu ya rundo la fulana. Akaitazama mara moja tu. Hakushtuka — hapo ndipo nilipojua.

Nikamuuliza alipima lini. Kabla ya korona, akasema.

"Na ulikuwa unajua, Dada?"

"Tangu nina miaka sita. Papá yuko Kanada anajenga reli, na tumbo la Mamã linakua. Mtoto wa miaka sita anajua kuhesabu, Lucília."

"Sasa ulipima ya nini?"

Akakunja fulana moja, akaikunjua, akaikunja tena. "Nijue kama mimi ni wake. Wewe ndiye uliyekuwa unabebwa mabegani. Wewe ndiye wa kwenda naye kuvua samaki. Nilitaka niwe na kitu kimoja ambacho wewe huna."

Halafu likanijia lile lingine. Nikamuuliza: na yule kichanga wa mlangoni? Watu wake wamo kwenye orodha yako?

Akavuta fulana nyingine.

"Conceição!"

"Wamo. Wengi. Akina Pacheco, wa kijiji cha Maia. Mama yake naona alikuwa mmoja wao."

Miaka minne! Nimemwonyesha kila ukurasa, nimemwita aje aone majina, nimelia mbele yake kitabu cha mwaka ule kilipokosekana. Na yeye ananikaangia samaki, ananiambia pole, mdogo wangu. Nikamuuliza ilikuwaje asiniambie hata hilo.

"Kwa sababu si wako," akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayemrudisha mgeni aliyekosea nyumba.

Si wako.

Jumapili, 8 Mei

Siku ya Mama. Nilinunua maua kwa sababu mkono umezoea kununua. Nilikwenda mapema, kabla padrinho hajafika.

Mamã alikuwa anamenya maharage mabichi, bakuli mapajani. Nikamuuliza nikiwa nimesimama, koti sijavua: Mamã, mimi ni mtoto wa nani?

"Wangu," akasema. "Hilo halina mshindani." Akaendelea kumenya.

Nikamwambia nimeona jina la Fernanda. Kisu kikasimama. Nilidhani atalia. Hakulia. Akasema afadhali, amechoka kulibeba, na sasa kichwa chake kinasahau, alikuwa anaogopa ataniambia siku moja bila kujijua, kama anayeomba chumvi.

Basi akasimulia. Gualter alikuwa jirani wa ng'ambo ya barabara, ana mke. Barua za Papá zilikoma, kijiji kikasema ameshapata mwanamke Kanada. Mengine hakuyasema na sikuyauliza. Papá alirudi mimi nina wiki chache. Watu wakajifungia ndani, wanasubiri kusikia bunduki.

"Akavaa suti," Mamã akasema. "Akavuka barabara. Akamwambia Gualter: Jumapili unamsimamia yule mtoto ubatizo. Utakuwa padrinho wake. Kila akikuona atakubusu mkono na kukuomba baraka, na wewe hutathubutu kumwita mwanangu mpaka ufe."

Nikakaa chini. Nilikaa juu ya maua.

Kumbe hata huku Amerika Gualter hakuja mwenyewe. Papá ndiye aliyemfanyia mpango, akamtafutia kazi kiwandani, akampangishia nyumba mtaa wa pili. Sisi tuliambiwa ni urafiki! Mji mzima wa Fall River ulisema, tazameni Artur dos Anjos anavyompenda padrinho wa bintiye. Hakutaka adhabu ibaki ng'ambo ya bahari.

"Na wewe, Mamã? Wewe ulifanya nini?"

"Mimi nilipika." Akanitazama. "Kila Jumapili, wote wawili mezani, nami ndiye wa kupakua. Wewe unafikiri adhabu ilikuwa ya Gualter peke yake?"

Gari la padrinho likasimama nje. Nilitoka mlango wa nyuma, uani, nikaruka mpira wa maji na miaka yangu sitini na moja. Nimemsikia akiniita kwa jina, anauliza mbona naondoka. Sikugeuka.

Jumatano, 11 Mei

Nimemkasirikia Gualter? Kidogo. Ajabu. Hata Mamã si sana.

Ni Papá.

Namkumbuka mlangoni, mkono wake mgongoni kwangu, ananisukuma taratibu. "Lucília, umemwomba padrinho baraka? Nenda. Sema kwa sauti." Nilidhani ananifundisha adabu. Na baadaye, nyumbani, ananinunulia aiskrimu — hodari wangu! Nilikuwa namchapa mtu kila Jumapili na sikujua kama mimi ndiye fimbo.

Sasa nachambua kila kitu. Kule kuvua samaki, yale mabega, siku ya harusi yangu alivyolia. Lipi lilikuwa langu na lipi la kumwonyesha Gualter? Siku ya harusi Gualter alikaa benchi la pili. Papá alipita karibu naye sana, mimi nimemshika Papá mkono. Akapunguza mwendo. Nilidhani goti linamuuma.

Ukimwuliza maiti, hajibu. Na mimi ndiye niliyekuwa nakesha nikimtafutia bibi yake.

Ijumaa, 13 Mei

Ujumbe kutoka kwa Fernanda. Amefika kwa ajili ya sikukuu ya Roho Mtakatifu, kesho atanipitia. "Umeona ile tovuti, Lucília? Imewehuka! Eti sisi ni nani kwa nani!" Na vicheko vitano.

Jumamosi, 14 Mei

Naandika nimesimama jikoni, kahawa inapanda. Fernanda yuko sebuleni.

Kaja na keki ya malimau. Kanenepa, kafurahi, nywele kakata. Ana kidole gumba kifupi kama changu — sijui kwa nini sijawahi kukiona. Kanikumbatia mlangoni: "Haya dada mpya!" Nikadhani anajua. Kumbe mzaha. Anasema kisiwani tumeoana mno, sote binamu mara tatu, mashine inajichanganya, amesoma mahali. "Si ndiyo, wewe mtaalamu?"

Na mimi nikasema ndiyo. Nikasema visiwa ni vidogo, hutokea. Nikaeleza vizuri kabisa, na mifano! Ulimi haukukwama hata kidogo. Naona kudanganya katika familia hii hakuhitaji damu.

Mama yake alikufa akimsifu Gualter. Nimwambie nini? Na nisipomwambia, mimi ni nani — Conceição?

Sasa amempigia baba yake, kaweka sauti juu. Namsikia mzee anakohoa, anauliza mbona mimi siji tena. Fernanda anamwambia, Papá, huwezi kuamini niko kwa nani, na kompyuta inatuita ndugu!

Mzee kanyamaza.

Fernanda anasema haloo, haloo. Kahawa imemwagika kwenye jiko, silizimi.

"Nani yupo hapo?" anauliza mzee. Sauti ndogo.

Fernanda anacheka, ananiita: "Lucília! Njoo umwambie mwenyewe wewe ni nani."